Kabla ya kukaza bongo, sikiliza ngozi

Na Mwandishi Wetu, Babati

WAHENGA walisema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mara nyingi methali hiyo hutumika kumsema mtu mwenye ubinafsi. Hata hivyo, kwa anayeshika spana kwa mara ya kwanza mbele ya ngoma, maneno hayo ni onyo la kiufundi lisilohitaji ufafanuzi. Ngozi ikivutiwa upande mmoja, ngoma hutoa sauti mbili zinazogombana, pete hukaa mshazari, na mwisho wake ngozi huchanika au mbao hupasuka.

Hasara hiyo si ndogo. Ngoma ya kwaya, ya shule au ya kikundi cha vijana haiwi mali ya mtu mmoja. Hununuliwa kwa michango, na mara nyingi hakuna ya akiba. Ikiharibika Ijumaa, Jumapili kwaya itaimba bila ngoma. Ikiharibika wiki ya mashindano, kikundi kizima hubaki nyumbani kwa kosa la mkono wa mtu mmoja.

Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kurekebisha sauti za bongo, kazi ambayo wanamuziki wengi huiita kutyuni. Yanamlenga anayeanza, asiye na mwalimu karibu, na anayeishi katika mji kama Babati, ambako hali ya hewa nayo ina mkono wake katika sauti ya ngoma. Jambo kuu la kushika ni moja: ngoma hairekebishwi kwa nguvu, bali kwa usawa na subira.

Bongo ni ngoma gani

Jina hili huweza kumchanganya Mtanzania. Kwetu bongo ni ubongo. Na kwa kuwa maisha ya Dar es Salaam yalihitaji akili nyingi, mji huo ukaitwa Bongo, kisha nchi nzima ikarithi jina hilo. Ndiko ulikotoka pia msemo wa Bongo Fleva. Lakini ngoma ziitwazo bongo hazikupata jina lake Dar es Salaam. Zilichipukia mashariki mwa kisiwa cha Cuba mwishoni mwa karne ya 19, mikononi mwa wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, kisha zikaingia Havana pamoja na muziki wa son mwanzoni mwa karne ya 20.

Midundo hiyo ilirudi Afrika kwa njia ya santuri. Kuanzia miaka ya 1930, sahani za muziki wa Cuba za mfululizo wa GV zilisikilizwa katika miji mingi ya bara hili, ikiwamo ya Afrika Mashariki. Bendi zetu za dansi zikapokea tumba, ambazo ni ndugu warefu wa bongo. Mjini Morogoro, Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliongoza bendi iliyobeba jina la Cuban Marimba, ushahidi wa jinsi muziki wa kisiwa hicho ulivyopendwa.

Bongo ni ngoma mbili ndogo zilizounganishwa kwa kipande cha mbao. Zote ziko wazi upande wa chini. Kubwa, yenye kipenyo cha takriban sentimita 22, Wacuba huiita jike. Ndogo, yenye takriban sentimita 18, huiita dume. Dume ndilo lenye sauti ya juu. Mpigaji hukaa kitini, akazibana kwa magoti na kuzipiga kwa vidole na viganja. Anayetumia mkono wa kulia huweka dume upande wa kushoto. Msomaji aliyewahi kuwaona wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zao zikiwa katikati ya miguu, hatauona mkao huo kuwa mgeni.

Zamani ngozi ya bongo ilipigiliwa misumari midogo, na wapigaji waliipasha kwa moto wa mshumaa au taa ili sauti ipande. Ilipofika katikati ya karne ya 20, vyuma vya kukazia vilikuwa vimeanza kuchukua nafasi ya misumari. Ndiyo maana bongo nyingi za leo zina pete ya chuma juu ya ngozi, kulabu nne au tano zinazoishika pete hiyo, na nati chini ya kila kulabu. Nati ikikazwa, kulabu huivuta pete chini, pete huikandamiza ngozi, na sauti hupanda.

Hewa ya Babati na ngozi ya ngoma

Ngozi ya mnyama haiachi tabia yake hata baada ya kukauka. Hewa ikiwa na unyevu, huunywa na kulegea. Hewa ikikauka, huutoa na kujikaza. Mbao nazo hutanuka na kusinyaa, ingawa polepole zaidi. Hivyo ngoma inaweza kubadilika sauti bila mtu yeyote kuigusa.

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Babati na chini ya Mlima Kwaraa. Kwa kawaida msimu wa mvua huangukia kati ya Novemba na Mei, na kiangazi kati ya Juni na Oktoba. Mpigaji wa Babati basi ana ngoma mbili katika ngoma moja: ya masika, iliyolegea na yenye sauti nzito, na ya kiangazi, iliyojikaza na yenye sauti kali.

Hatari kubwa huwapata wanaonunua ngoma pwani. Tuchukue mfano wa ngoma iliyotengenezwa Bagamoyo, mji wenye sifa ya sanaa tangu kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Ngozi yake ilikazwa katika hewa nzito ya bahari. Ikipandishwa basi hadi Babati mwezi Agosti, ngozi itakauka na kujivuta yenyewe, huku mbao zikisinyaa. Kama nati zilikwisha kukazwa hadi mwisho, hakuna nafasi iliyobaki. Ngoma inaweza kupasuka ikiwa imefunikwa kwenye mfuko wake, bila kupigwa hata mara moja.

Kwa hiyo, kabla ya safari, legeza kila nati mzunguko mmoja au zaidi. Ikifika, iache kivulini siku mbili au tatu izoee hewa ya mahali, ndipo uirekebishe.

Mabadiliko hutokea pia ndani ya siku moja. Ngoma iliyowekwa sawa saa 12 asubuhi kwa ajili ya sherehe ya uwanjani, kama kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru kilichofanyika Babati Oktoba 14, 2023, haitakuwa na sauti ileile saa 6 mchana jua likiwa utosini. Mpigaji mwenye busara hubeba spana yake mfukoni na kuisikiliza ngoma tena dakika chache kabla ya kuanza.

Ukaguzi wa kwanza

Kabla ya kugusa nati, tafuta mahali palipo kimya na penye mwanga. Vua pete na saa. Kisha kagua mambo manne.

Kwanza, pitisha kidole juu ya ngozi yote. Mchaniko mdogo karibu na ukingo hautapona, ukikazwa utaongezeka. Ngozi yenye mchaniko hubadilishwa, hairekebishwi.

Pili, tazama mbao kwa nje na kwa ndani. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kuzibwa kwa gundi ya mbao na fundi seremala, lakini ngoma ikiwa bado imelegezwa.

Tatu, angalia nyuzi za kulabu. Zikiwa na kutu au vumbi, zisafishe kwa kitambaa kikavu na uzipake grisi kidogo sana. Grisi isiifikie ngozi, kwani huilainisha na kuua mlio wake.

Nne, hakikisha spana inaikamata nati barabara. Spana kubwa kuliko nati huila pembe zake, na nati iliyoliwa haikazwi wala haifunguki.

Hatua za kukaza

Laza bongo ubavu juu ya mapaja au juu ya kitambaa mezani, ili mkono mmoja uzifikie nati na mwingine uifikie ngozi. Anza na jike, kwa kuwa ngozi yake ni pana na humsamehe zaidi mwanafunzi.

Hatua ya kwanza ni kulegeza nati zote hadi zizunguke kwa vidole. Kisha zikaze kwa vidole hivyo hivyo, bila spana, mpaka kila moja iguse chuma. Hapo ndipo mwanzo wa haki kwa pande zote.

Hatua ya pili ni kupima. Chukua rula na pima umbali kutoka pete hadi ukingo wa mbao penye kila kulabu. Vipimo vikitofautiana, pete imekaa mshazari. Isawazishe sasa, kwa maana baadaye itakuwa vigumu.

Hatua ya tatu ni kukaza kwa spana, robo mzunguko kwa kila nati, wala si zaidi. Usizizunguke nati kwa kufuatana kama mtu anayetembea ukingoni mwa kisima, kwa sababu ngozi itavutiwa upande uliotangulia. Ruka upande wa pili. Kama kulabu ni nne, anza na ya kwanza, nenda ya tatu, kisha ya pili, kisha ya nne. Kama ni tano, fuata mpango wa nyota: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Baadhi ya mafundi huweka alama ya chaki kwenye kulabu ya kwanza ili wasipoteze hesabu.

Hapa wanaoanza hukosea jambo moja dogo. Ukiitazama nati uso kwa uso, kuizungusha kufuata mwendo wa saa huikaza. Lakini ukiwa umeibana ngoma magotini na kuipapasa nati kwa chini, mwelekeo huonekana kugeuka. Wengi hudhani wanalegeza, kumbe wanakaza. Mpaka mkono uzoee, fanya kazi ukiiona nati.

Hatua ya nne ni kusikiliza. Baada ya kila mzunguko kamili wa nati zote, gonga ngozi kwa ncha ya kidole, sentimita mbili au tatu kutoka ukingoni, mbele ya kila kulabu. Ulizo lako liwe moja: je, sauti zinafanana? Penye sauti ya chini, kaza nati hiyo kidogo. Penye sauti ya juu, legeza kidogo. Usiendelee kupandisha sauti ya ngoma nzima kabla pande zote hazijasema neno moja.

Hatua ya tano ni kutuliza. Bonyeza katikati ya ngozi kwa kiganja, kwa nguvu ya wastani, kisha iache dakika kumi. Ngozi hukaa mahali pake na sauti hushuka kidogo. Hilo si kosa. Rudia kugonga na kusawazisha.

Ngoma inapokaribia sauti unayoitaka, acha robo mzunguko na utumie thumuni. Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, na sababu yake ni ya kisayansi. Ili sauti ya ngozi ipande kwa oktava moja, mvutano wake lazima uongezeke takriban mara nne. Kila ngazi ya juu hudai nguvu kubwa kuliko iliyotangulia, ilhali ngozi ni ileile. Spana ikianza kugoma na sauti haipandi tena, ngoma inakwambia inatosha. Methali nyingine ya Kiswahili imekwisha kutoa hukumu: ngoma ikilia sana, hupasuka.

Sauti gani ni sauti sahihi

Hakuna sheria inayoilazimisha bongo kuwa na noti fulani. Linalotakiwa ni uhusiano kati ya jike na dume. Wapigaji wengi hutenganisha sauti hizo kwa umbali ambao mwanakwaya yeyote anayesoma noti za do, re, mi anaufahamu. Imba so, kisha panda hadi do iliyo juu yake. Jike liwe so, dume liwe hiyo do. Wengine hupendelea umbali mpana zaidi, yaani jike liwe do na dume liwe so ya juu. Anayeanza achague mmoja na adumu nao mpaka sikio lizoee.

Jike likikaa sawa hutoa mlio wa mviringo, usio na mkwaruzo, unaodumu kidogo kisha unazimika. Likivuma kama debe, bado limelegea. Dume hutoa mlio mfupi, mkali na safi. Likipigwa ukingoni kwa kidole lapaswa kusikika juu ya gitaa na sauti za waimbaji bila mpigaji kutumia nguvu. Ukiona vidole vinauma haraka kuliko kawaida, huenda ngozi imelegea na unalazimika kuipiga kwa hasira.

Anayetilia shaka sikio lake anaweza kutumia programu ya simu ya kupimia noti, lakini aitumie kama shahidi wala si kama hakimu. Mlio wa ngoma una sauti nyingi ndani yake, na simu huweza kuchanganya. Njia nyepesi ni kulinganisha na kinanda cha kwaya au gitaa.

Kipimo cha mwisho ni kupiga. Wacuba wana mdundo wa msingi wa mapigo manane uitwao martillo, yaani nyundo kwa Kihispania, kwa sababu hugonga bila kukoma. Hesabu moja hadi nane kwa mwendo sawa. Mapigo mengi yaangukie kwenye dume, na jike lijibu karibu na mwisho wa hesabu. Kama jibu la jike linasikika waziwazi hata kwa aliyesimama mlangoni, kazi imekamilika.

Ngoma zisizo na nati

Si kila ngoma ina spana yake. Nyingi za asili hukazwa kwa kamba, vigingi au misumari, na dawa yake ni jua na moto. Wapiga ngoma wetu huwasha majani makavu au karatasi na kuielekeza ngozi kwenye joto mpaka ilie wanavyotaka. Maarifa hayo ni ya kale na yanafanya kazi, lakini yana masharti.

Weka kwanza mgongo wa mkono wako mahali unapotaka kuiweka ngozi. Kama mkono hauwezi kuvumilia, ngozi nayo haitavumilia. Izungushe ngoma muda wote ili joto lienee, na ugonge kila baada ya muda mfupi. Ngozi iliyoungua haionyeshi jeraha mara moja. Hukakamaa, kisha hupasuka katikati ya wimbo. Ikiwa sauti imepanda mno, ipumzishe kivulini, au pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya ngozi. Kwa bongo yenye nati, usitumie maji wala moto, nati zinatosha.

Katika nchi kama Zambia, wapigaji hubandika nta katikati ya ngozi ili sauti iwe nzito na yenye mvumo. Ni njia nyingine inayoonyesha kwamba kurekebisha ngoma si lazima iwe kukaza tu.

Onyo moja lisisahaulike. Usiku wa baridi, baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupasha ngoma na kuota moto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na imekwisha kuua familia nzima zikiwa usingizini. Ngoma ipashiwe nje.

Ngozi mpya, tahadhari mpya

Ipo siku ngozi itachoka. Mkoa wa Manyara ni wa wafugaji, na ngozi ya mbuzi au ya ndama haipatikani kwa shida. Inayofaa ngoma ni ngozi iliyokaushwa bila kutiwa dawa za kiwandani. Ile ya viatu na mikanda ni laini mno, haitalia. Huloweshwa katika maji safi ya baridi hadi ilegee, huwambwa ikiwa mbichi, kisha hukaushwa kivulini kwa siku mbili au tatu. Jua kali huikausha juu na kuiacha mbichi chini, na hapo huvutika vibaya. Wakati wa kuiwamba, nati zikazwe kidogo tu. Ngozi itajikaza yenyewe inapokauka.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni ilikotoka ngozi hiyo. Kanda ya kaskazini mwa Tanzania ni miongoni mwa maeneo ambako ugonjwa wa kimeta hujitokeza kwa mifugo na wanyamapori. Vimelea vyake huweza kukaa katika ngozi kavu kwa miaka mingi, na jua la kuanikia haliwezi kuaminiwa kuvimaliza. Mwaka 2006, mtengenezaji ngoma wa mjini New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kushughulikia ngozi za mbuzi kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 2008, mtengenezaji mwingine alifariki dunia mjini London kwa ugonjwa huohuo. Wote waliambukizwa kwa kuvuta vumbi la ngozi.

Kwa hiyo, nunua ngozi ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa machinjioni. Ngozi ya mnyama aliyekufa porini au zizini usiichukue hata kama ni ya bure. Unapokwangua manyoya, fanya kazi hiyo nje, ngozi ikiwa imelowa, ukiwa umefunika pua na mdomo na kuvaa glavu. Ukipata kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati, nenda hospitali mara moja na umweleze daktari kwamba umeshika ngozi. Kimeta hutibika kikiwahiwa.

Wapo pia wanaopendelea ngozi ya plastiki. Hiyo haijali sana mvua wala kiangazi, na huwafaa wanaosafiri mara kwa mara. Sauti yake hata hivyo ni kavu zaidi, na wazee wa kazi huitambua wakiwa mbali.

Kabla ya kulala, legeza

Wengi hujifunza kukaza na kusahau nusu ya pili ya kazi. Ngoma iliyoachwa imekazwa usiku kucha huendelea kuvutwa. Ngozi hunyooka na kupoteza uhai wake, pete hupinda, na mbao hubeba mzigo zisioupumzikia. Baada ya kupiga, legeza dume nusu mzunguko kwa kila nati, na jike robo mzunguko, kwa mpango uleule wa kuruka upande wa pili. Kesho yake utazirudisha kwa hesabu hiyo hiyo, kisha utasikiliza tena.

Ifute ngozi kwa kitambaa kikavu ili kuondoa jasho. Iweke ngoma mbali na dirisha, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na isiwe chini ya bati tupu. Usiiache ndani ya gari lililofungwa mchana. Panya nao hupenda ngozi, hivyo stoo ya kanisa au ya shule si mahali salama bila mfuko mnene au sanduku.

Vikundi vingi vingepunguza hasara kwa kufanya jambo moja jepesi: kumteua mtu mmoja, au wawili wanaoelewana, kuwa walinzi wa spana. Ngoma inayokazwa na kila anayepita huwa haina sauti ya mtu yeyote. Walinzi hao waandike kwenye daftari tarehe, hali ya hewa na idadi ya mizunguko waliyotumia. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litawaambia ngoma yao inataka nini mwezi Machi na inataka nini mwezi Septemba, na atakayewarithi hataanza upya.

Anayeanza asivunjike moyo kama mara ya kwanza itamchukua saa nzima. Ya pili itachukua nusu yake. Siku atakapogonga pande zote za ngozi na kusikia sauti moja, atakuwa amefanya kinyume cha ile methali ya wahenga: amewamba ngoma, na ngozi haikuvutiwa kwa mtu yeyote. Ngoma ya namna hiyo hutumikia kwaya nzima, na huweza kumngoja mpigaji atakayekuja baada yake.